Usiku wa Wajenzi

Tunapoitazama nyumba iliyokwisha kujengwa tunaona kazi ya mchana. Tunaona tofali juu ya tofali, bati lililonyooka, ukuta usiopinda. Usiku hatuuoni. Hatujui waliochanganya simenti na mchanga walilala wapi, walilala saa ngapi, wala waliamka na nguvu gani. Historia iliyoandikwa vitabuni hufanya vivyo hivyo: hutaja urefu wa reli, gharama ya daraja, jina la mhandisi na tarehe ya uzinduzi, kisha hunyamaza juu ya mahali walipolaza vichwa vyao wale walioibeba kazi yenyewe.

Katika tafakari hii twataka kuutazama usiku huo. Tutapita Matadi, Tsavo na Mayombe, halafu turudi kwetu, hapa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, ambako kila siku mwenzetu fulani anapanda jukwaa la miti akiwa na karai begani. Tutaona kwamba mahali pote pale swali lilikuwa lilelile: je, usingizi wa mjenzi ni mali ya nani?

Jina lililotoka kwenye mawe

Wazee wetu waliita serikali ya kikoloni Bula Matari. Jina hilo ni la Kikongo, na maana yake ni mvunja mawe. Lilianza kama jina la mtu mmoja, Henry Morton Stanley, ambaye tangu mwaka 1879 alikuwa akipasua njia kando ya maporomoko ya mto Kongo kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baadaye likawa jina la kila mzungu wa serikali, na mwishowe likawa jina la serikali yenyewe.

Tulitafakari jina hilo kidogo. Serikali iliyotutawala ilipata jina lake katika kazi ya ujenzi: nyundo, mwamba, barabara. Lakini nyundo zile hazikushikwa na Stanley peke yake. Zilishikwa na vibarua wa Kikongo na wapagazi aliowaajiri Unguja, watu waliozungumza lugha hii tunayoiandika. Sifa ya kuvunja mawe alipewa msimamizi; uchovu wa kuyavunja walibaki nao wao. Tangu mwanzo, basi, historia ya ujenzi katika nchi yetu ilijifunza kuhesabu mawe yaliyovunjwa bila kuhesabu migongo iliyovunjika pamoja nayo.

Matadi: vibanda visivyotosha

Mwezi wa Machi mwaka 1890 ilianza kazi ya kujenga reli kutoka Matadi hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 400. Meli hazikuweza kupita kwenye maporomoko, na mizigo yote ilibebwa kwa vichwa vya watu. Waliopanga reli walisema itawapumzisha wapagazi. Kabla ya kuwapumzisha wapagazi, iliwalaza chini wajenzi.

Mwanzo wa njia ulikuwa mgumu kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ya miamba na mabonde ya mto Mpozo na mlima Palabala. Miaka mitatu ya kwanza haikutoa hata kilomita 30. Wafanyakazi walitoka Afrika ya Magharibi, Unguja, kisiwa cha Barbados, na mwaka 1892 waliletwa Wachina 540 kutoka Makao. Walipigwa na kuhara damu, ndui, malaria na beriberi, ugonjwa unaotokana na chakula kisicho na lishe. Viboko vilikuwa vingi. Na kuna jambo moja ambalo wanahistoria hulitaja kwa sentensi fupi tu: mara nyingine vibanda vya kulala havikutosha watu waliokuwapo. Mtu aliyebeba mataruma mchana kutwa katika jua na mvua, jioni aliweza kukosa paa la kujistiri.

Wachina wale, wengi wao walikufa au walikimbilia porini. Baadhi yao walikutwa mbali sana ndani ya nchi, wakitembea kuelekea upande jua linakochomoza, maana walijua kwao ni huko. Vijana wapendwa, mtu hatembei porini mamia ya kilomita bila ramani kwa sababu ya uvivu. Anatembea hivyo pale ambapo kubaki kumekuwa kubaya kuliko kupotea.

Garimoshi la kwanza lilifika Léopoldville mwaka 1898. Hesabu rasmi ilisema wamekufa watu weusi na Waasia 1,800, na Wazungu 132. Wengi wanaamini kwamba hesabu ya kwanza ni ndogo mno. Msemo uliobaki kando ya reli ile unasema kwamba kila taruma moja ni roho moja.

Tsavo: wiki tatu za kujenga mahali pa kulala

Mwaka uleule wa 1898, upande wa pili wa Afrika, jambo jingine lilitokea. Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa Victoria. Kazi ilianza mwaka 1896, na ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kwa mkataba walikuwa 31,983. Kati yao 2,493 walikufa, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema.

Kwenye mto Tsavo palihitajika daraja. Msimamizi alikuwa mhandisi John Henry Patterson. Kuanzia mwezi wa Machi, simba wawili walizoea kuingia kambini usiku na kuwatoa watu ndani ya mahema. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mwindaji na wanyama, na simba wenyewe wamehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Sisi twataka kukisoma kama hadithi ya watu walionyimwa usingizi.

Walizungushia mahema boma za miiba, simba walipenya. Waliwasha mioto usiku kucha. Simba walikuja vilevile. Ndipo kila mtu akajitafutia mahali. Wengine walifunga vitanda vyao juu ya miti, na miti ikazidiwa na uzito. Wengine walilala juu ya matangi ya maji, wengine juu ya mapaa na vyuma vya daraja. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema, wakaingia humo na kujifunika kwa magogo mazito. Kulala ndani ya shimo lililofunikwa magogo, mtu akiwa hai: hiyo ndiyo ilikuwa sura ya usiku wa mjenzi. Na asubuhi, kengele ya kazi haikuuliza kama alilala.

Siku ya tarehe 1 Desemba 1898 wafanyakazi walikataa kuendelea. Walimwambia Patterson kwamba walitoka India kwa mapatano ya kuifanyia kazi serikali, na kwamba kuliwa na simba hakukuwamo katika mapatano hayo. Garimoshi lilipokaribia, wengi walijilaza mbele yake juu ya reli mpaka likasimama, wakatupia mizigo yao ndani na kuondoka. Ujenzi wa daraja ulisimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Katika wiki hizo, wale waliobaki walifanya kazi moja tu: kujenga vibanda imara ambavyo simba hawezi kuvivunja.

Hapa tunaomba msimame kidogo. Kwa miezi mingi kambini palikuwa na mbao, chuma, misumari na mafundi. Palikuwa na kila kitu cha kujengea daraja, na kwa hiyo palikuwa na kila kitu cha kujengea kibanda imara. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuona kwamba kibanda nacho ni kazi. Ilibidi watu walale juu ya reli mchana, mbele ya injini, ndipo wajengewe mahali pa kulala usiku. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29 Desemba, na daraja likamalizika mwanzoni mwa mwaka 1899. Watafiti wa siku zetu hukadiria kwamba simba wale walikula watu wapatao 35. Waliokufa kwa magonjwa ya kambi kwenye reli ile nzima walikuwa wengi mara nyingi zaidi, lakini hao hawakupata mwandishi wa kuwasimulia.

Mayombe: mlima uleule, usiku tofauti

Tuvuke mto Kongo. Kati ya mwaka 1921 na 1934 Wafaransa walijenga reli ya Kongo-Bahari, kutoka Brazzaville hadi Pointe-Noire, zaidi ya kilomita 500. Sehemu iliyoua zaidi ilikuwa msitu wa mlima Mayombe, wenye mabonde, mvua na handaki la Bamba lenye urefu wa karibu kilomita 1.7. Vibarua wengi hawakuja kwa hiari. Walikamatwa katika vijiji vya Ubangi-Shari na Chadi, wakasafirishwa kwa miguu na kwa mashua kwa wiki nyingi, wakafika wamedhoofika kabla ya kuanza kazi.

Watu wa nchi kavu ya savana waliingizwa katika unyevu na baridi ya msitu. Walilazwa wakiwa wamesongamana, bila nguo za kutosha, wakila chakula wasichokizoea. Mapafu yaliugua, matumbo yaliugua. Hesabu ya waliokufa hukadiriwa kuwa 17,000 au zaidi. Mwandishi wa habari wa Kifaransa, Albert Londres, alipita huko na mwaka 1929 akachapisha kitabu kilichowatia aibu wakubwa wa Paris. Katika eneo la Wagbaya kulizuka vita vikubwa, tangu 1928, na kukamatwa watu kwa ajili ya reli kulikuwa mojawapo ya sababu zake.

Lakini somo kubwa la Mayombe liko katika miaka yake ya mwisho. Baada ya kelele zile, makambi yalirekebishwa, chakula kikaongezwa ubora, waganga wakaletwa, safari ya kufika kazini ikapunguziwa ukali. Vifo vilishuka sana. Mlima ulikuwa uleule. Mwamba ulikuwa uleule. Mvua ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni chakula cha jioni, paa na mahali pa kulala. Basi wale waliokwisha kufa hawakuuawa na mlima, ingawa ndivyo walivyosema wakubwa walipotakiwa kujieleza. Waliuawa na uamuzi wa kutowajali, na uamuzi unaweza kubadilishwa siku yoyote mtu akitaka.

Reli zilizofika ziwani kwetu

Msifikiri kwamba mambo haya yalikuwa mbali na sisi. Reli ya Wajerumani, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Ndiyo sababu ziwa letu lina bandari hizo mbili zinazotazamana. Meli ya Liemba, ambayo wazee wengi wa pwani hii waliipanda, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa reli ile na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Na hata katika uwanda wa Ruzizi, Wabelgiji walijenga reli fupi kati ya Uvira na Kamanyola, ambayo leo haipo tena.

Vijijini nako, kazi ya kulazimishwa ilikuwa sehemu ya maisha. Sheria ya mwaka 1933 iliruhusu kila mwanamume mwenye afya atozwe hadi siku 60 za kazi kwa mwaka, na mwaka 1942, kwa sababu ya vita, zikaongezwa hadi 120. Siku hizo zilihesabiwa kwenye daftari. Lakini mkulima aliyepoteza siku 120 hakupunguziwa chakula cha kulimia watoto wake. Shamba lilimngoja. Alilima alfajiri kabla ya kuitwa, au jioni baada ya kuachiliwa. Kilichopungua kilikuwa kulala kwake, na kwa usiku uliopotea hapakuwa na daftari.

Hapo ndipo tunapoelewa Kitabu cha Kutoka, sura ya tano. Waisraeli walifyatua matofali huko Misri. Walipoomba ruhusa ya kupumzika ili wamwabudu Mungu, Farao aliwaita wavivu. Hakuwaongezea idadi ya matofali. Aliwaondolea majani makavu waliyokuwa wakipewa, akaamuru wayatafute wenyewe huku hesabu ya matofali ikibaki palepale. Muda wa kutafuta majani ungetoka wapi? Mchana ulikuwa umejaa. Ulitoka usiku. Farao alijua kuiba bila kubadilisha tarakimu hata moja, na wengi wameiga ufundi huo baada yake.

Waliosema hapana

Tarehe 15 Mei 1891, mwaka mmoja na miezi michache baada ya kazi ya Matadi kuanza, Papa Leo XIII alitoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum. Aliandika akiwa na viwanda vya Ulaya machoni. Alifundisha kwamba kazi isizidi nguvu za mwili. Kwamba pumziko lipimwe kwa kadiri ya nguvu zilizotumika. Kwamba wanaochimba na kuvunja mawe wafanye saa chache zaidi kwa sababu kazi yao ni nzito na huharibu afya. Kwamba Dominika iwe huru. Aliongeza neno zito: mtu hawezi kuuza haki ya kupumzika hata akikubali mwenyewe, kwa kuwa haki hiyo yahusu wajibu wake mbele ya Mungu. Mwaka ule, kwenye mawe ya Palabala, watu walipigwa viboko ili waendelee kufanya kazi. Mafundisho yalikuwapo, wa kuyafikisha Palabala hakuonekana.

Baadaye sheria za dunia zilifuata njia hiyo polepole. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake wa kwanza kabisa, liliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Mwaka 1930 likatoa mkataba dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Makoloni ya Ufaransa yaliondolewa kazi hiyo kwa sheria ya Aprili 1946, miaka 12 baada ya reli ya Mayombe kuzinduliwa. Nchini kwetu, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba kazi isizidi saa 45 kwa juma wala saa 9 kwa siku, na kwamba kila mfanyakazi apate pumziko la kila juma.

Sheria hiyo ni nzuri. Tuulizane sasa ni wangapi kati ya wajenzi wa Uvira wameisikia.

Uvira: usiku wa leo

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Watu makumi walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika mitaa ya pwani. Tangu hapo mji wetu hujengwa na kujengwa tena. Mchanga hukusanywa mitoni, mawe hupondwa kwa nyundo ndogo na akina mama waliokaa kando ya barabara, matofali huchomwa, simenti hupandishwa ghorofani kwa mabega. Tumewaona watu wanaojenga nyumba za wenzao mchana, na usiku wanalala chini ya turubai pamoja na watoto wao.

Tumfuate kibarua mmoja katika siku yake, asiye na jina kwa sababu wenye siku kama yake ni wengi. Anaamka saa kumi za usiku, kwa kuwa maji ya bomba hukatika na mwenye kuchelewa hurudi na ndoo tupu. Saa kumi na mbili yuko njiani kwa miguu. Anabeba mawe na karai hadi saa kumi na moja jioni, mara nyingi bila chakula cha mchana. Analipwa kwa siku, hivyo siku asiyokwenda ni siku wasiyokula nyumbani. Dominika kwake ni deni. Usiku, nyumba ya bati iliyopigwa na jua huchelewa kupoa, kwa maana sisi wa ziwani hatuna baridi ya Bukavu. Mbu wako, chandarua kimechanika. Wengine huombwa walinde simenti na vyuma visiibwe, wakalala palepale penye ujenzi juu ya mifuko, jicho moja likiwa wazi. Wachoma matofali hukesha wakitia kuni kwenye tanuru. Na katika miaka hii ya vita, mlio mmoja wa risasi hutosha kuuvunja usiku wa mtaa mzima.

Mwili unalipa. Mwaka 1997 watafiti wawili, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi na umakini kama mtu aliyekunywa pombe kiasi ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Hesabuni wenyewe: aliyeamka saa kumi za usiku, ikifika saa tatu ya usiku yuko katika hali hiyo, hata kama hakuonja tone. Tunamlaumu mlevi anayepanda jukwaa la miti. Je, aliyekesha mlinzoni usiku mzima, kisha asubuhi akapewa karai na kuambiwa apande ngazi, tutamwita nani akianguka?

Usingizi haba haukomi kwenye ajali. Hupunguza kinga ya mwili dhidi ya magonjwa, huongeza shinikizo la damu, huchosha moyo, huleta hasira nyumbani na huzuni isiyo na jina. Wako wanaotafuta usingizi katika kanyanga. Pombe humlaza mtu upesi, kweli, lakini huukatakata usingizi wake kabla ya alfajiri, naye huamka amechoka kuliko alivyolala, akitafuta glasi nyingine jioni. Familia nyingi zimeanguka kwa ngazi hiyo, na mwanzo wake ulikuwa mwili uliochoka tu.

Twasema haya kwenu vijana kwa sababu wengi wenu mko humo. Mwanafunzi anabeba matofali wakati wa likizo ili alipe minervali. Mwingine huenda kazini baada ya masomo, akafungua daftari saa nne za usiku. Kijana wa miaka kumi na sita anahitaji kulala saa nane au zaidi, kwa sababu mwili wake nao unajengwa, na ujenzi huo hufanyika anapolala. Akipewa saa tano, nyumba ya mwenziwe inapanda na yake inabaki msingi.

Tufanye nini?

Hatutaweza kubadilisha mshahara wa mji mzima kesho asubuhi. Lakini historia tuliyoipitia inatufundisha kwamba mabadiliko makubwa yalianza na vitu vidogo: kibanda imara Tsavo, paa na chakula bora Mayombe. Vitu kama hivyo viko ndani ya uwezo wetu.

Anayejenga, hata chumba kimoja, awapangie watu wake saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na saa ya mchana ya kula na kujinyoosha kivulini. Anayetaka mlinzi wa usiku atafute mlinzi wa usiku. Asimtwike mtu mmoja mchana na usiku. Malipo yatolewe jioni ileile, kama Kumbukumbu la Torati linavyoagiza kabla jua halijatua, maana mwenye deni la jioni halali. Vikundi vyetu katika shirika viweze kuuliza ni kibarua gani jirani asiye na chandarua. Na parokia inapojenga, ianze yenyewe. Ukuta wa kanisa uliopandishwa kwa usingizi ulioibwa ni ukuta wa Farao, hata ukipakwa chokaa nyeupe.

Zaburi ya 127 huwaweka pamoja wajenzi na usingizi. Inasema kwamba wanaojenga bila Bwana wanajisumbua bure; kisha inawaonya wanaoamka mapema na kuchelewa kulala wakila mkate wa taabu, na inamtaja Mungu kuwa ndiye mpaji wa usingizi kwa awapendao. Yule aliyeitunga aliona kwamba nyumba na usingizi vina mwenyewe mmoja. Hivyo swali letu la mwanzo limepata jibu: usingizi wa mjenzi si mali ya kampuni, wala ya serikali, wala ya mwenye nyumba. Umetolewa na Mungu, na mikono ya mwanadamu haina ruhusa ya kuukata.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika familia zetu, nani anafanya kazi ya ujenzi, kuponda mawe, kuchota mchanga au kuchoma matofali? Analala saa ngapi? Je, tumewahi kumwuliza?

2. Wafanyakazi wa Tsavo walilisimamisha garimoshi ili wapate mahali salama pa kulala. Leo mfanyakazi wa Uvira anaweza kudai pumziko kwa njia zipi bila kupoteza kibarua chake, na sisi tunaweza kusimama naye vipi?

3. Someni pamoja Kutoka 5 na Zaburi 127. Katika mji wetu, ni wapi majani makavu yameondolewa huku hesabu ya matofali ikibaki palepale?

4. Kikundi chetu kichague jambo moja la kufanya kabla ya mwezi kwisha kwa ajili ya usiku wa mjenzi mmoja. Andikeni ni nani atalifanya, na siku gani.